Neno Alilolikataa Bibi Kabula

Kila Jumanne na Alhamisi, akishatoka shule na kula ugali wake, Scolastika alikwenda chumbani kwa bibi yake kumkumbusha viatu. Bibi Kabula hakupenda viatu. Alivibeba mkononi kutoka mtaani kwao Ngokolo mpaka kwenye lango la kanisa, akavivaa hapo, na mafundisho yakiisha alivivua palepale. Watu wa mtaani walishazoea kuwaona: msichana wa miaka kumi na miwili mwenye katekisimu kwapani, na bibi kizee mwenye viatu mkononi, wanatembea huku wanabishana.

Wote wawili walikuwa wanafunzi. Scolastika alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza pamoja na watoto wenzake. Bibi naye alikuwa anajiandaa kwa komunyo hiyohiyo katika kundi la wazee, ingawa hakuna aliyejua ana miaka mingapi. Yeye mwenyewe alisema tu kwamba nzige walipovamia nchi ya Wasukuma, tayari alikuwa anaweza kubeba mtungi wa maji kichwani.

Habari ya Bibi na kanisa ilianzia hospitalini. Mwaka 1994 malaria ilimpanda kichwani, akawa hasemi wala hasikii. Mtawa mmoja aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa aliona mama huyu yuko njiani kuondoka duniani, akammiminia maji na kumbatiza jina la Justa. Lakini Bibi hakuondoka. Alizinduka, akaomba uji, akaambiwa kwamba sasa ni Mkristo.

"Haya, sawa," alisema. "Lakini mmenibatiza nikiwa sijitambui. Sasa najitambua, kwa hiyo nitauliza maswali."

Na kweli aliuliza. Aliuliza kwa nini mishumaa inawashwa mchana, na kwa nini Padre anavaa kijani leo na zambarau wiki ijayo. Akijibiwa vizuri aliitikia kwa kichwa na kuendelea. Asipojibiwa, alikaa na swali lake kama mtu aliyekalia mwiba.

Kila Jumapili, watu walipoinuka kwenda kupokea komunyo, Scolastika na Bibi walibaki kwenye benchi la nyuma. Bibi alimwegemea mjukuu wake na kumnong'oneza, "Siku yetu itafika. Tutakwenda pamoja. Wewe utatangulia, mimi nitakufuata, ili nikiteleza nikushike." Scolastika aliipenda sana ahadi hiyo. Na sasa, mwezi Juni mwaka 1996, siku yenyewe ilikuwa imefika karibu: Jumapili ile ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Gauni jeupe lilikuwa kwa fundi, na Bibi alikuwa amefua kitenge chake kipya hata kabla ya kukivaa.

Jumanne ya wiki hiyo, katekista wao, Mwalimu Mihayo, aliwafundisha watoto na wazee kwa pamoja. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzito na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alisema sentensi moja, nao wakairudia.

"Ekaristi ni sakramenti ya Mwili na Damu ya Bwana wetu Yesu Kristo."

Wote wakarudia, isipokuwa Bibi Kabula. Yeye alikuwa amenyoosha mkono.

"Mwalimu, mkate nimeuelewa. Divai nimeielewa. Mambo ya mwili na damu umetufundisha, nami nimeamini. Lakini hilo jina, Ekaristi, maana yake nini?"

"Maana yake ndiyo hiyo, Bibi. Sakramenti ya Mwili na Damu."

"Hicho ni kitu chenyewe. Mimi nauliza jina lake." Bibi alisimama ili asikike vizuri. "Mimi naitwa Kabula kwa sababu mama yangu alinizaa mvua inanyesha. Mzee Makoye yule pale alizaliwa mwaka wa shida, ndiyo maana wakamwita Makoye, yaani Shida. Wewe mwenyewe ni Mihayo, yaani Maneno. Sasa jambo hili nani aliliita Ekaristi, na siku hiyo kulikuwa na nini?"

Watoto waliangua kicheko. Mwalimu Mihayo alitoa leso akajifuta uso, ingawa jua lilikuwa limeshapungua.

"Bibi, hilo ni fumbo la imani," alisema.

"Fumbo ni jambo lenyewe, mwanangu. Jina si fumbo. Jina lina mtu aliyelitoa."

"Tuendelee," alisema Mwalimu Mihayo, akafungua ukurasa mwingine haraka.

Njiani kurudi nyumbani Bibi alitangulia kwa haraka mpaka walipovuka reli. Hapo akasimama.

"Jumapili sitakwenda," alisema.

Scolastika alidhani anatania. Alimtazama usoni, akaona hatanii hata kidogo.

"Kwa nini, Bibi? Tuliahidiana!"

"Tuliahidiana, ndiyo. Lakini sikiliza. Kwetu sisi mtoto akizaliwa, hatumwiti tu. Tunaangalia amezaliwa siku gani, palikuwa na nini, nani alikuwa safarini, nani alifiwa. Hata ng'ombe wa baba yangu kila mmoja alikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na habari yake. Nitapokeaje kitu kikubwa namna hii wakati hata anayenifundisha hajui kwa nini kinaitwa hivyo? Na kama hili halijui, je, yale mengine anayajua, au ananikaririsha tu?"

"Mwalimu amesema ni fumbo."

"Amesema hivyo kwa sababu nimembana," Bibi alijibu. "Nitafutie habari ya jina hili, mjukuu wangu, nasi tutakwenda. Usipoipata, nenda wewe, mimi nitabaki kwenye benchi letu."

Usiku huo Scolastika alijigeuzageuza kitandani. Alijua bibi yake akishasema hatoki mahali, hata trekta halimtoi. Kumwuliza Padre haikuwezekana, kwa kuwa Padre alikuwa Ushirombo kwenye mafungo na angerudi Jumamosi usiku. Kwenda kupokea peke yake, na kumwacha Bibi nyuma kwenye lile benchi, kulimuuma sana moyoni.

Kesho yake shuleni alikwenda kutazama kamusi. Shule ilikuwa na moja tu, nayo ilikuwa imechakaa hata ikawa inaanzia herufi H. Alipokuwa anaifunga kwa huzuni, Maduhu, mvulana waliyesoma naye mafundisho, alimkuta na kumwuliza kulikoni. Scolastika akamweleza.

"Hilo tu ndilo linakusumbua?" Maduhu alicheka. "Mtungie. Mwambie maana yake ni chakula cha mbinguni. Bibi yako ataliona wapi la kweli?"

Scolastika aliona haya kwanza. Halafu akaanza kujishawishi. Chakula cha mbinguni si jambo baya, alijiambia, na hata katika nyimbo za kanisani wanaimba hivyo. Jioni alimkuta Bibi uani anapepeta mtama, akapiga magoti kumsalimia, kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu:

"Bibi, nimeipata. Ekaristi maana yake ni chakula cha mbinguni."

Bibi aliacha kupepeta. Macho yake yaling'aa kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Scolastika zaidi baadaye.

"Kumbe! Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha... ya zamani."

"Ya watu gani?"

Scolastika alitazama chini. Kuku walikuwa wanadonoa mtama uliomwagika, wala hakuna aliyewafukuza.

"Nani amekuambia?" Bibi aliuliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Maduhu alisema nikutungie."

Bibi aliinua ungo wake, akaendelea na kazi. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

"Nilikutuma kwa sababu nilikuamini kuliko watu wote wa nyumba hii," alisema. "Sasa hata ukiniletea la kweli, nitajuaje?"

Scolastika alilia usiku huo, na hakuficha. Mama yake alimwambia amwombe Bibi msamaha, naye akaomba, na Bibi akamsamehe. Lakini Alhamisi, muda wa mafundisho ulipofika, viatu vya Bibi vilibaki chini ya kitanda.

"Bibi yako yuko wapi leo?" Mwalimu Mihayo aliuliza kanisani.

"Amekataa kuja, Mwalimu. Na Jumapili hatakuja kupokea."

Mwalimu alifungua katekisimu yake. Alifundisha siku hiyo kwa sauti ndogo kuliko kawaida, na alipofika kwenye neno Ekaristi aliruka akaenda kwenye nyimbo.

Ijumaa mchana mama yake alimtuma Scolastika sokoni kununua utepe mweupe wa gauni, kwenye duka la Baba Kausar. Kausar alikuwa rafiki yake wa darasa moja, na familia yao ilikuwa na duka hilo la vitambaa na vyakula tangu babu yake alipofika Shinyanga kutoka Bara Hindi. Kausar aliona mara moja kwamba mwenzake hana raha, akamtoa neno moja baada ya jingine mpaka habari yote ikatoka.

"Twende kwa baba," alisema. "Baba anapenda maneno kuliko biashara."

Baba Kausar alikuwa nyuma ya meza, anapima sukari. Walimwamkia, akaitikia. Scolastika alipomweleza shida yake, aliweka kijiko chini.

"Nchi hii maneno ya dini yametembea sana," alisema. "Sala, imani, malaika, sadaka, dhambi, roho: yote hayo yana asili ya Kiarabu. Ninyi mnayasema kanisani, sisi tunayasema msikitini."

Scolastika alishangaa. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno anayosali nayo kila usiku Kausar naye anayajua kutoka madrasa.

"Kumbe tunaazimana," Kausar alisema, akacheka.

"Lakini hili la kwako halikupitia kwetu," Baba Kausar aliendelea. "E-ka-risti... Hebu ngoja!" Alijipiga paji la uso. "Mnamjua Mzee Yani, yule Mgiriki fundi wa mashine kwenye kiwanda cha pamba? Huja hapa kununua kahawa. Kila nikimkabidhi pakiti yake, husema kitu kinachofanana na hicho. Miaka yote nilidhani ananitukana kwa lugha ya kwao, nami namjibu, karibu tena!"

Scolastika alisahau hata utepe. Alimshika Kausar mkono wakatoka mbio, na Baba Kausar akabaki anawaita warudi wachukue mzigo wao.

Msimu wa pamba ulikuwa umeanza. Malori yalipanga foleni nje ya kiwanda, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miti yote ya jirani. Mlinzi alimfahamu Kausar kwa sababu ya duka, akawaonyesha banda la mashine. Ndani ya banda hawakuona mtu. Waliona miguu miwili mirefu imejitokeza chini ya mashine iliyozimwa, na mkono mmoja uliojaa grisi ukipapasa sakafuni.

"Spana!" ilinguruma sauti chini ya mashine. "Kumi na saba! Mmelala?"

Wasaidizi walikuwa wametoka kula. Scolastika aliangalia spana zilizopangwa kwenye sanduku, akatafuta yenye namba kumi na saba, akaiweka kwenye ule mkono.

"Efkharisto," ilisema sauti.

Scolastika aliruka kama aliyekanyaga moto.

"Babu! Umesema nini?"

Miguu ilitulia. Kisha Mzee Yani alijisukuma taratibu akatoka, nywele zake nyeupe zikiwa zimejaa pamba, akawakazia macho wasichana wawili waliovaa sare za shule.

"Nimesema asante. Ninyi ni nani, na msaidizi wangu Mashaka yuko wapi?"

"Shikamoo, babu," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Nimeuliza swali."

Scolastika alijieleza. Mwanzoni alibabaika, lakini alipofika kwenye habari ya Bibi aliieleza yote: ubatizo wa hospitalini, jina la Kabula na mvua, swali la Jumanne, na hata uongo wake mwenyewe. Mzee Yani alisikiliza akiwa amekaa sakafuni, anajifuta mikono kwa tambara.

"Kwa hiyo bibi yako anataka kujua nani alilitoa jina, na siku hiyo kulikuwa na nini," alisema. Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Huyo mama ana akili. Mimi nimezaliwa na neno hilo mdomoni na sijawahi kujiuliza hivyo. Baba yangu alikuja Geita kutafuta dhahabu wakati wa Mwingereza. Dhahabu hakuipata, akanipata mimi. Nyumbani tulisema Kigiriki. Mama yangu akinipa mkate, hakuuachia. Alishika upande wake, mimi nimeshika upande wangu, tunavutana mpaka niseme efkharisto. Nikishasema, anaachia. Kushukuru, ndiyo maana yake. Na shukrani yenyewe tunaiita efkharistia."

"Ekaristi," alisema Scolastika polepole.

"Ndilo hilohilo. Injili ziliandikwa kwanza kwa Kigiriki cha zamani. Neno likachukuliwa na Warumi, likabebwa na wamisionari mpaka huku, nanyi mkalisema kwa namna yenu. Limesafiri mbali, likachubuka kidogo njiani, lakini ni lile."

"Na siku hiyo kulikuwa na nini?"

Mzee Yani aliinua mikono yake yenye grisi. "Hapo umenifikisha mwisho. Mimi nafahamu mashine, na lugha ya mama yangu. Habari ya siku hiyo mwulize mwalimu wako. Yeye amesomea."

Wasichana walimshukuru. Walipofika mlangoni aliwaita.

"Hebu lisemeni na ninyi. Ni miaka mingi sijasikia mtoto akilisema."

"Efkharisto, babu," walisema.

Mzee Yani aliitikia kwa kichwa, kisha akageuka upesi kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Scolastika alimhurumia, akaona kumbe mtu anaweza kuwa na lugha nzima na asiwe na wa kuzungumza naye.

Sasa alikuwa na la kweli, lakini alikumbuka maneno ya Bibi: nitajuaje? Badala ya kukimbilia nyumbani, alikwenda kwa Mwalimu Mihayo. Alimkuta anamwagilia mchicha nyuma ya nyumba yake. Si rahisi kumwambia mwalimu jambo ambalo yeye alishindwa kulijibu. Alilisema lote bila kupumzika.

Mwalimu Mihayo alisimama na ndoo yake. Maji yalimwagikia viatu vyake na hakuona.

"Kwa nini hukumpelekea Bibi moja kwa moja?" aliuliza.

"Kwa sababu wewe ndiye mwalimu wetu. Na mimi nimeshamdanganya mara moja. Mzee Yani amesema habari ya siku ile unaijua wewe."

Mwalimu aliweka ndoo chini. "Scolastika, mimi nami nilimdanganya. Sikujua jina hilo limetoka wapi. Niliona haya mbele yenu watoto, nikasema fumbo ili aketi." Alitikisa kichwa. "Ngoja nichukue kitabu changu."

Bibi Kabula alikuwa uani anabangua karanga kwenye ungo. Alimwona mwalimu akiingia, akamvutia kigoda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Maneno. Karibu."

"Bibi, Jumanne uliniuliza swali nami nikakujibu vibaya. Sikulijua jibu. Nilipaswa kusema sijui. Nisamehe."

Mikono ya Bibi ilitulia juu ya karanga. Alimtazama mtu huyu mzima, mwenye shati la pasi na viatu vilivyolowa, akaona kwamba amekuja kwa moyo wa kweli.

"Nimekusamehe. Endelea."

"Mjukuu wako amelitafuta jina mpaka amelipata, kwa mtu aliyezaliwa na lugha hiyo. Ni neno la Kigiriki. Maana yake ni shukrani. Kwetu tungesema wabeja."

"Wabeja?" Bibi alirudia neno hilo la Kisukuma, ambalo alikuwa amelisema maelfu ya mara maishani mwake, kama aliyelisikia leo. "Sawa. Nani alimwambia nani wabeja? Na siku hiyo kulikuwa na nini?"

Mwalimu Mihayo alifungua Injili, lakini hakuhitaji kusoma. "Yesu alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, akawapa. Hapo aliposhukuru ndipo jina lilipozaliwa. Alimshukuru Mungu Baba yake."

"Ilikuwa siku ya sherehe?"

"Walikuwa kwenye karamu ya Pasaka. Lakini ulikuwa usiku ule aliokamatwa, Bibi. Kesho yake walimwua."

"Alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Bibi aliweka ungo pembeni. "Alijua kesho anakufa," alisema taratibu, "na bado alishika mkate akasema wabeja."

"Ndiyo," alijibu Mwalimu Mihayo. Miaka yote hiyo alikuwa amewakaririsha watu maneno yale, na hakuwahi kusimama hapo kwenye kushukuru.

Mama yake Scolastika, aliyekuwa anapika, alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko wake. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge bila kujificha.

"Nilipozinduka hospitalini," alisema, "yule mtawa alininywesha uji kijiko kwa kijiko. Sikumwambia kitu. Nilikuwa bado sijui kama nimekufa au ni mzima. Nilipopata nguvu nikamwulizia, wakasema amehamishwa. Mpaka leo huniuma. Basi kama jambo hili linaitwa wabeja, mimi ninayo moja ambayo haijapata pa kwenda." Alimgeukia mjukuu wake. "Jumapili uniamshe mapema."

Scolastika alimrukia akamkumbatia, karanga zikamwagika uani kote.

Jumapili hiyo watu walifurika. Watoto waliovaa nyeupe walipangwa langoni, na wazee nyuma yao. Bibi Kabula alivaa viatu vyake hapohapo kama kawaida. Kengele ikalia, na Mwalimu Mihayo akaanza kuwaelekeza.

"Ingieni kwa utulivu. Misa inaanza."

Bibi aliinua mkono.

"Mwalimu, na hilo jina la misa? Limetokana na nini?"

Wazee waligeuka. Maduhu akamkonyeza mwenzake, anangoja kusikia fumbo. Scolastika alimvuta Bibi ncha ya kitenge. Safari yote ile, na sasa jina jingine mlangoni kabisa!

Mwalimu Mihayo alitazama watoto, akatazama wazee, kisha akamtazama Bibi.

"Sijui, Bibi," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Padre amerudi. Nitamwuliza, na Jumanne nitakuambia."

Hakuna aliyecheka. Uso wa Bibi ulikunjuka ukajaa tabasamu.

"Vizuri sana," alisema. "Jumanne iliyopita ulisema fumbo, nikatilia shaka yote uliyonifundisha. Leo umesema hujui. Sasa yale unayosema unayajua, nayaamini." Aliwageukia watoto. "Na ninyi mnaonitazama, sikilizeni. Kutojua si aibu. Mjukuu wangu alidanganya akaona kilichompata, halafu akaenda kuuliza, na ndiyo maana leo mimi niko hapa. Mtu akikuuliza usilolijua, sema hujui, kisha inuka ukalitafute. Haya, tangulia, Scolastika."

Maduhu aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea kola ya shati lake. Mstari ukaingia kanisani.

Wakati wa komunyo ulipofika, lile benchi la nyuma lilibaki tupu. Scolastika alitangulia, na nyuma yake alisikia viatu vya Bibi vikigonga sakafu taratibu. Alipokea, akasogea pembeni, akageuka kidogo tu ili aone.

"Mwili wa Kristo," alisema Padre.

"Amina," alijibu Bibi Kabula kama alivyofundishwa. Alipokea, akafumba macho, akameza. Halafu, badala ya kuondoka, akamtazama Padre akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa waimbaji:

"Wabeja."

Watu waliguna, na Mwalimu Mihayo akanyanyuka kidogo kwenye kiti chake. Padre alikuwa amerudi usiku na hakuna aliyemweleza lolote. Alisimama na chombo chake mkononi, akamwinamia yule bibi kizee.

"Ndilo neno lenyewe, Bibi," alisema.